Wananchi wa Kukodi

Mkutano wa kwanza wa maoni ya wananchi ulipovunjika, kila aliyekuwamo ukumbini aliona aibu ya Kamati. Kinanda peke yake aliona mteja.

Hakwenda pale kutoa maoni. Alikwenda kwa sababu jua la siku hiyo lilikuwa linachoma, ukumbi wa manispaa una viyoyozi, na mlangoni walikuwa wanagawa maji ya chupa bure. Aliketi safu ya nyuma kabisa, akavua viatu ili soksi zipate hewa, akausubiri usingizi. Badala ya usingizi akaja Mwenyekiti.

Mji ulikuwa umejitosa kuwania uenyeji wa Michezo Mikubwa, ile ambayo miji hupigana vikumbo kuiandaa na baadaye hujutia kila mmoja peke yake. Kamati ya Maandalizi ilikuwa imeshaundwa, imeshanunuliwa magari, na imeshakwenda ng'ambo mara kadhaa kujifunza jinsi wenzao wanavyokaa kwenye viti vya mbele. Kulibaki jambo moja dogo. Shirikisho linalomiliki Michezo hiyo lilitaka kuona kwa macho kwamba wenyeji wa mji wameelezwa mpango na wameupenda. Ndipo Kamati ikakumbuka kwamba mji una watu.

Watu wenyewe wakawa wakorofi. Mwenyekiti, bwana mmoja mwenye sauti nzito na maneno mepesi, aliwaeleza kwamba Michezo italeta ajira, barabara, heshima na kitu alichokiita urithi. Mama mmoja akasimama akauliza kama urithi huo utakuwa na maji, maana kwao bomba lilikauka zamani. Mwenyekiti akasema swali hilo ni zuri sana, akafungua chupa ya maji, akainywa yote taratibu mbele ya ukumbi mzima huku akilitafuta jibu. Hakukusudia ubaya, kiu ya mkubwa haina ratiba. Lakini miluzi ilianza kabla chupa haijaisha. Mwingine akadai waonyeshwe mpango wenyewe, uwanja utakaa wapi na nani atahamishwa. Mwenyekiti akajibu kwamba mpango ni siri kwa sababu ya ushindani. Hapo viti vikaanza kusukumwa, na Kamati ikatokea mlango wa jikoni.

Kinanda akavaa viatu vyake.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika, hata na wanaomdai. Waliomwita Kinanda walimwita hivyo kwa sababu popote ulipomgusa alitoa sauti uliyotaka kuisikia. Ukiwa na msiba alikulilia, ukiwa na mradi alikusifia, ukiwa na fedha alikupenda. Aliwahi kuwauzia ndugu wawili wasiosemeshana kiwanja kimoja cha kinamasi, kila mmoja kwa siri ya mwenzake, na ndugu hao wakakutana siku moja topeni, kila mmoja amebeba vigingi vya kuwekea mipaka. Walipatana papo hapo ili wamtafute pamoja. Kinanda alipenda kulitaja jambo hilo kama mchango wake katika kudumisha undugu.

Kesho yake alivaa koti lake la pekee lisilo na doa, akaenda kwenye ofisi za Kamati. Katikati ya chumba cha Mwenyekiti, juu ya meza pana na chini ya kifuniko cha kioo, ulilala mji mzima. Ulikuwa mfano mdogo wa mbao na plastiki: uwanja mkuu kama bakuli lililofunikuliwa, bwawa la kuogelea la rangi ya buluu, miti ya sifongo, na vijitu vyembamba visivyo na nyuso vikitembea bustanini. Kinanda akainama kuutazama kwa adabu, kama mtu anayetazama maiti ya tajiri. Akaifuata barabara kuu kwa macho mpaka kwenye kona anayoijua. Akaliona tangi la maji lenye miguu mirefu. Kando ya tangi, mahali palipopaswa kuwa na mtaa mzima pamoja na ua wa dada yake, akaona sakafu ya kijivu iliyopigwa mistari myeupe na kupangwa vigari. Kibao kidogo kilisema hapo ni maegesho ya wageni wa heshima.

Alipatazama kwa muda. Kisha akahamishia macho kwenye bwawa, ambalo kwa kweli lilikuwa limetengenezwa vizuri.

"Mheshimiwa," akasema, "mpango wenu hauna kasoro hata chembe. Kasoro ni wananchi."

Mwenyekiti, ambaye tangu siku ya mkutano alikuwa akiutafuta msemo huo bila kuupata, akamwonyesha kiti.

Kinanda akamweleza kwamba mtu anayejileta mkutanoni bila kuitwa lazima ana lake jambo. Hasira anakuwa ameshaipika nyumbani. Wananchi hasa, wale wenye uelewa, wametulia majumbani mwao, na inabidi watafutwe, waletwe, waelekezwe. Kwa bahati nzuri yeye alikuwa na kampuni inayoshughulika na jambo hilohilo. Kampuni hiyo ilikuwa imezaliwa asubuhi ileile alipokuwa akinyoa ndevu.

"Wanapiga makofi?" Mwenyekiti akauliza.

"Wanapiga makofi, wanacheka panapochekesha, na wanauliza maswali ambayo majibu yake unayo."

Mwenyekiti akafikiri, kisha akasema jambo lililomfanya Kinanda amheshimu kidogo, kama fundi anavyomheshimu fundi mwenzake. Alisema wote wakikubali, wakaguzi wa Shirikisho watanusa. Alitaka apatikane mpinzani mmoja, mzee ikiwezekana, mtu wa kutia huruma, apinge kidogo mwanzoni halafu aelimike.

"Mpinzani ni ghali, Mheshimiwa. Anayekubali anafanya kazi moja. Anayepinga na kuelimika anafanya mbili."

Wakapatana. Nusu ingelipwa siku hiyo, nusu siku yenyewe ya mkutano, kwa karani wa fedha. Mwenyekiti aliomba tu kwamba stakabadhi ionyeshe watu maradufu ya watakaoletwa, ili tofauti isizurure njiani kama yatima. Kinanda akasema hilo ni suala la uadilifu na halina mjadala. Alikuwa ameshafika mlangoni, amepata zaidi ya alichokifuata, na mtu mwingine angeshukuru akaondoka. Lakini tamaa haijui kutoka mikono mitupu. Akageuka kuuliza nani ataupeleka mfano ukumbini, nani ataleta viti, na nani atashona kitambaa cha kuufunika, maana kile kioo hakibebeki. Akaambiwa bado hajapatikana mtu. Akasema kampuni yake inafanya yote.

Viti na mahema vilikuwa kazi ya dada yake. Hakuna aliyeoa wala kuzikwa katika mtaa ule bila viti vyake, na watu walimwita Mama Viti. Tofauti yake na Mwenyekiti ni kwamba yeye viti alikuwa navyo kweli, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Ndiye aliyemlea Kinanda tangu mama yao alipofariki. Alimlisha, akamsomesha mpaka yeye mwenyewe alipotoroka shule, na alipokua akaenda kumtoa polisi zaidi ya mara moja, kila mara akirudi naye kimya kimya kama mtu anayetoka sokoni na mzigo wa kawaida.

Alipoelezwa kazi, dada hakuuliza mengi. Aliwajua watu wote wa kuketi: wale wanaokuja msibani bila kumjua marehemu, wanaojaza harusi za watoto wa watu, wanaojua kulia kwa kufuatisha. Mchana mmoja akawakusanya uani pake, Kinanda akapanda juu ya kreti akawafundisha. Makofi yasianze yote kwa pamoja, alisema, yaanze kama mvua, tone hapa, tone pale. Wasivae nguo nzuri sana wala mbovu sana. Akiinua leso nyeupe, maana yake wanyamaze. Mpinzani akawa mzee mmoja aliyekuwa mlinzi mpaka alipostaafu, mtu wa sauti ya polepole na kofia anayoivua kila akisemeshwa. Fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja na Mama Viti, alipewa kazi ya kushukuru kwa machozi.

Katikati ya kundi Kinanda akamwona yule mama aliyeuliza habari za bomba. Akamvuta dada yake pembeni, akamwambia huyo mtu ni sumu.

"Ukimlipa atakuja," dada akasema. "Usipomlipa atakuja vilevile. Heri aje na sisi."

Kinanda aliona hoja ina nguvu.

Siku chache kabla ya mkutano ukumbi ukaanza kupakwa rangi upya, wageni wasije wakajua kwamba kuta za mji huu huchakaa kama za kwingine. Mfano, uliotakiwa kuondoka chumbani kwa Mwenyekiti ili wakaguzi wapokelewe humo, ukakosa pa kuwekwa. Watu makini wangekodi ghala, na Kinanda aliiambia Kamati kwamba amekodi ghala. Kisha, kwa kuwa fedha ya ghala ilikuwa imeshaingia mfukoni na haikuonyesha dalili ya kutaka kutoka, akamwomba dada yake aende na lori lake la viti, akabidhiwe mfano na karani wa fedha wa Kamati chumbani kwa Mwenyekiti, auweke bandani kwake. Ulikuja umefunikwa shuka kuukuu. Alimsihi dada asiufunue kwa sababu plastiki yake inadhurika na mwanga. Dada akaitikia. Alikuwa mtu wa kushughulika na viti, na Kinanda hakuona hatari yoyote.

Alichosahau ni kitambaa. Aliahidi Kamati kitambaa cha fahari chenye pindo la dhahabu, na kazi hiyo akampa fundi cherehani kwa bei ya kuonea. Sasa fundi hawezi kushona kitu ambacho hajakipima. Asubuhi moja, Kinanda akiwa mjini ananunua viatu vipya kwa ile nusu ya kwanza, fundi aliingia bandani na futi yake ya kamba, akaondoa shuka.

Mama Viti alikuwa anafuta viti nje. Alimsikia fundi akimwita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua. Akaingia. Kwanza hakuelewa anachotazama. Fundi akamwekea kidole kwenye kona ya barabara, kisha kwenye tangi, kisha akakitembeza taratibu mpaka kwenye sakafu ya kijivu, akakiacha hapo.

Baada ya muda banda lilikuwa limejaa. Watu walinyimwa mpango huu ukumbini kwa sababu ya ushindani, na sasa ulikuwa mbele yao umelala, wanaweza kuugusa. Kila mtu alikitafuta chake. Zahanati haikuwepo. Uwanja wa wazi wa watoto ulikuwa bustani yenye lango. Yule mama wa bomba alikuta kwake pamekuwa chemchemi ya mapambo. Mzee mlinzi alivua kofia yake, akainama mpaka pua ikakaribia meza, akahesabu nyumba ambazo hazipo kuanzia kwenye tangi.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Wameegesha gari chumbani."

Mtu akauliza kama Kinanda ameuona mfano huu. Mama Viti akainama kuliokota shuka. Ndiye aliyekwenda kuuchukua ofisini kwa Mwenyekiti, na ingawa ulikuwa umeshafunikwa shuka, aliona jinsi ulivyowekwa katikati ya chumba, chini ya taa, mahali ambapo hata kipofu angejikwaa nao.

Wengine walitaka kwenda saa ileile kuwapiga mawe watu wa Kamati. Wengine walitaka kuuvunja mfano. Mama Viti akawaambia mawe yatawapeleka polisi, na mfano ukivunjwa mwingine utatengenezwa. Akawakumbusha kwamba wana mkutano. Wakaguzi wenyewe watakuwepo, na nafasi ya kusema wameshapewa, tena kwa malipo.

"Tumekodiwa kusema," alisema. "Twendeni tukaseme."

Siku ya mazoezi ya mwisho Kinanda alistaajabu. Watu wale waliokuwa wakisinzia na kuchekacheka sasa walikuwa makini kama askari. Makofi yalianguka kama mvua ya kweli. Mzee alipinga kwa upole, akaelimika kwa heshima, mpaka Kinanda mwenyewe akakaribia kuamini. Alimwambia dada yake kwamba hajawahi kufanya kazi na watu wenye vipaji namna hii. Dada akasema hata wao wanaona hivyo.

Siku ya mkutano ukumbi ulikuwa unanukia rangi. Viti vya Mama Viti vilijaa kila mahali, vile vya ziada akavirundika kwenye korido ya jikoni. Wakaguzi wawili wa Shirikisho waliketi mbele na visikilizio vya mkalimani masikioni, mkubwa wao mama mmoja mrefu aliyekuwa na tabia ya kutazama vitu kabla ya kuambiwa avitazame. Mfano ulikuwa jukwaani chini ya kitambaa chenye pindo la dhahabu. Kinanda alisimama ukutani na viatu vyake vipya, leso nyeupe mkononi, akihisi anayohisi mtu aliyefanikiwa kuuza mvua kwa mawingu.

Mwenyekiti aliongea. Alisema ajira, na matone yakaanza. Alisema heshima, ikanyesha. Alisema urithi, na fundi cherehani akatoa machozi ya kweli, jambo ambalo halikuwa kwenye bei. Wakaguzi walitikisa vichwa kukubali. Mwenyekiti, akiwa amelewa makofi, akasema sasa anafunua mustakabali wa mji huu, akavuta kitambaa, akachukua fimbo ndefu akaanza kuonyesha uwanja mkuu, mgongo wake ukiwa upande wa maegesho.

Juu ya ile sakafu ya kijivu hapakuwa na kigari hata kimoja. Palikuwa na mtaa. Ulikuwa wa viberiti vitupu, vimepakwa rangi, vimechorwa milango na madirisha; vingine vilikuwa na mapazia ya vipande vya nguo, kazi ya mkono uliozoea sindano. Kulikuwa na zahanati yenye alama nyekundu. Kulikuwa na ua wenye viti vidogo vya njiti.

Makofi yakanyesha tena, ya nguvu.

Mkaguzi mkubwa akainua mkono. Aliuliza zile nyumba ndogo pale kando ya tangi ni nini. Mwenyekiti akageuka. Tangu mfano ulipoletwa kwake hakuwahi kuutazama kwa karibu upande ule, kwa kuwa yeye angeegesha mahali pengine. Aliviona viberiti, akafikiri haraka, na kama ilivyo desturi ya wanaofikiri haraka mara chache, akachagua vibaya.

"Ni mapambo," akasema.

Mzee mlinzi akasimama. Kinanda akapumua, maana hii ndiyo iliyokuwa zamu ya mpinzani. Mzee akavua kofia kama alivyofundishwa, akaishika kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akaanza kwa kuipongeza Kamati kwa kazi nzuri, kama alivyofundishwa.

"Pambo la tatu kutoka kwenye tangi ni langu, Mheshimiwa," akasema kwa sauti yake ya polepole. "Humo naishi na mke wangu na wajukuu. Mimi sipingi. Naomba tu kuelimishwa. Mgeni wetu akija, gari lake litakaa sebuleni au chumbani?"

Watu wakapiga makofi, tone hapa, tone pale. Mzee akakaa. Fundi cherehani akasimama, akasema la nne ni lake, lile lenye pazia la maua, na kwamba angependa kujua cherehani yake itahesabiwa kama pambo au kama gari. Makofi. Yule mama wa bomba akasimama, akasema anashukuru kwa sababu hatimaye ameona mahali maji yatakapofika kwake, ni kwenye chemchemi, ila yeye mwenyewe hatakuwepo. Walisimama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyetukana. Walitumia adabu yote waliyolipiwa. Wale waliozomea mkutano wa kwanza Mwenyekiti aliwaita wahuni. Hawa hakupata cha kuwaita.

Alimpata Kinanda kwa macho pale ukutani, akamwashiria awanyamazishe. Kinanda, jasho likimtiririka, akainua leso nyeupe juu kabisa. Ukumbi mzima ukamtazama. Kisha ukampigia makofi yeye.

Mkaguzi akauliza ni nyumba ngapi zitaondolewa. Mwenyekiti akasema hakuna, eneo lile ni pori. Mkaguzi akavua visikilizio vyake, akageukia watu, akaomba wanaoishi kwenye pori hilo wainue mikono. Hakuhitaji mkalimani kwa alichokiona baada ya hapo. Mwenyekiti akasema mkutano umeahirishwa, akaongoza Kamati kuelekea mlango wa jikoni, na huko wakakuta viti vimerundikwa mpaka darini. Ikabidi wapite katikati ya ukumbi, kwenye njia nyembamba kati ya safu, na watu wakawasindikiza kwa makofi mpaka nje.

Kinanda hakukaa kuangalia. Alikuwa ameshatoka kwa dirisha la choo na kukimbilia ofisi za Kamati, kwa kuwa nusu ya pili ilikuwa bado, na habari za aibu hazijafika ghorofani. Karani wa fedha alimtazama juu ya miwani yake. Akamwambia fedha zilichukuliwa asubuhi na dada yake, aliyesema ametumwa na ndugu yake kwa kuwa yeye ameshikwa na maandalizi. Karani hakuona sababu ya kumshuku. Si ndiye huyohuyo aliyetumwa kuuchukua mfano? Kinanda alikuwa bado amefungua kinywa simu ya mezani ilipolia, na kwa namna karani alivyomtazama huku akisikiliza, akajua ni wakati wa kushuka ngazi.

Alijificha upande mwingine wa mji, kwa watu waliomficha kwa bei. Dereva wa Mwenyekiti alimtafuta kwa wiki kadhaa, kisha akachoka, kwa sababu bosi wake alikuwa na kazi nyingine za kumpa. Shirikisho lilitoa tamko kwamba mji huu hauko tayari. Kamati nayo ikatoa lake, kwamba imejitoa yenyewe kwa hiari baada ya kusikiliza sauti ya wananchi, ambao siku zote imewaweka mbele. Magari yakabaki kwa wanakamati kama kumbukumbu. Mwenyekiti aliajiriwa na mji mwingine uliokuwa ukiwania Michezo ileile, awe mshauri wao wa masuala ya ushirikishaji wa jamii. Inasemekana anaheshimiwa sana huko kwa uzoefu wake.

Kinanda alipoishiwa kabisa alirudi kwa dada yake. Ilikuwa mchana. Mama Viti alikuwa uani, ndoo moja na kitambaa, anafuta viti vilivyorudi kutoka harusini. Hakuacha kazi. Kinanda akamsalimia, akazunguka mada kidogo, kisha akauliza habari za ile nusu ya pili. Dada akamwambia amewalipa watu wote alioahidi kuwalipa, na fundi amelipwa bei halali.

"Na langu?"

"Lako umelivaa miguuni."

Kinanda akatazama viatu vyake. Akacheka peke yake, halafu akaacha.

"Ule mfano," dada akasema, bado akifuta. "Uliuona kabla hujanituma?"

Uongo haukuwahi kumpungukia. Hata sasa ulikuja kwa foleni, mmoja nadhifu kuliko mwingine: hakuuona, aliuona ila gizani, aliuona na ndiyo maana akauleta. Dada alikuwa ameacha kufuta na kumtazama. Huo uso ndio uliokuwa ukimsubiri nje ya kituo cha polisi.

"Niliuona," akasema.

"Na kona ukaijua."

"Nikaijua, Dada."

Mama Viti akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, bali kama mtu aliyepima kitu na kukuta kipimo ni kilekile alichokidhania. Akachovya kitambaa kwenye ndoo.

"Sijawaambia watu," akasema. "Wao wanaamini uliuleta kwangu makusudi, ili tuuone. Wanasema uliwazunguka wakubwa kwa ajili yetu."

"Basi waambie ukweli."

"Nikutue huo mzigo? Ubebe mwenyewe."

Mzee mlinzi alikuwa amemwona Kinanda kutoka barazani kwake ng'ambo ya njia, ile nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi, na sasa alikuwa anavuka kwa haraka ambayo magoti yake hayakuizoea, huku akimwita mkewe atoke. Mkewe akatoka na wajukuu. Fundi cherehani akatokeza dirishani. Mzee akafika. Alivua kofia yake, yeye mwenye mvi, mbele ya mtu anayeweza kuwa mwanawe, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamvuta mpaka barazani, akakifuta kiti chake mwenyewe kwa kiganja.

"Kaa, baba," akamwambia. "Hapa ni kwako."

Kinanda alitazama nyuma. Dada yake alikuwa ameinamia viti vyake, amempa mgongo. Mzee alibaki amesimama, anangoja, na watu wote walikuwa wanamtazama kwa upendo. Akakaa.